Salamu Inayofutwa: Uhakiki wa Mazungumzo ya Waandishi wa Programu

Wahakiki wa Kiswahili tumezoea kushika riwaya, tamthilia au diwani, tukatafuta humo dhamira, wahusika na mtindo. Katika makala haya tumeshika kitu kingine: mazungumzo ya kila siku ya waandishi wa programu za kompyuta, namna wanavyoulizana, wanavyojibizana na hata wanavyogombana mtandaoni. Hatukufanya hivyo kwa kufuata mkumbo. Baadhi ya wanafunzi hapa Uganda wanaochukua Kiswahili pamoja na kompyuta wametueleza kisa kimoja kwa maneno yanayokaribiana. Waliuliza swali kwa adabu zote walizofunzwa nyumbani na darasani. Swali likafungwa, au likajibiwa kwa mstari mmoja wa kuchoma. Wengine hawakuuliza tena. Wapo wanaosema kwamba tatizo ni Kiingereza. Sisi tulioyasoma maswali yenyewe tunaona vinginevyo. Kiingereza chao kilitosha. Kilichopungua ni ujuzi wa utanzu.

Maana utanzu upo. Swali la mwandishi wa programu lina muundo wake, lina miiko yake, na lina wahakiki wakali kuliko sisi. Anayelitazama kwa mbali huona watu wasio na adabu. Anayelisoma kwa karibu huona adabu kali sana, ila ni adabu ya namna nyingine, na wenyewe mara nyingi huitangaza kana kwamba ni akili ya kawaida ya binadamu wote.

Tuanze na matini inayofahamika zaidi katika jamii hiyo. Tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, aliandika ujumbe katika kundi la majadiliano la watumiaji wa mfumo endeshi uitwao Minix. Alisema anatengeneza mfumo endeshi wa bure, kwamba ni jambo la kujifurahisha tu, kwamba hautakuwa mkubwa wala wa kitaalamu, na akaomba watu wamwambie wanachopenda na wasichopenda katika Minix. Huo ndio mwanzo wa Linux, ambayo leo inaendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti, na ambayo kiini chake kimo ndani ya kila simu ya Android.

Wanaoutaja ujumbe huo hupenda kucheka ule unyenyekevu wa kusema kwamba kazi haitakuwa kubwa. Sisi tumevutiwa na kitu kingine. Ujumbe ule unaanza kwa salamu. Anawasalimia wote wanaotumia Minix, kisha anajieleza, kisha anaomba. Salamu, utambulisho, haja: ndiyo mpangilio tunaoufundisha katika mwaka wa kwanza. Aidha, anajishusha kabla ya kuomba, kama afanyavyo mgeni yeyote aliyelelewa vizuri kutoka Lamu hadi Kigoma. Kwa hiyo asitokee mtu akasema kwamba jamii hii ilizaliwa bila salamu. Salamu ilikuwepo, ikaja kuondolewa baadaye, na kuondolewa kwake kuna historia.

Miezi mitano baadaye, mwishoni mwa Januari 1992, profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam, ambaye ndiye aliyeitunga Minix kwa ajili ya kufundishia, aliandika katika kundi lilelile ujumbe wenye kichwa kinachosema kwamba Linux imepitwa na wakati. Hoja zake zilikuwa mbili kubwa: kwamba kiini cha Linux kimejengwa kama pande moja badala ya kugawanywa vipande vidogo, na kwamba mfumo huo umefungamana mno na aina moja ya kichakataji. Aliongeza kwamba kijana huyo angekuwa mwanafunzi wake, asingempa alama za juu. Torvalds alijibu kwa ukali, kisha akarudi muda si mrefu kuomba radhi kwa kuvuka mipaka ya adabu, huku akiendelea kuzitetea hoja zake.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili akiyasoma majibizano yale hawezi kukosa kuyafikiria malumbano katika kurasa za mashairi za magazeti yetu. Hatusemi kwamba ni kitu kimoja, na tunawaonea shaka wenzetu wanaoharakisha kuita kila kinachoandikwa mtandaoni fasihi simulizi mpya. Lakini kipo kipengele kimoja cha fani kinachofanana kweli. Katika barua pepe za waandishi wa programu, anayejibu hunakili mstari wa mwenzake, akauwekea alama ya > mwanzoni, akajibu chini yake, kisha akanakili mstari unaofuata. Hoja hushikwa moja baada ya nyingine mbele ya hadhira, kama mlumbani anavyorudia neno la mpinzani wake kabla ya kulipindua. Anayejibu juu juu, akaiacha barua nzima ya mwenzake ikining'inia chini, huambiwa na wakongwe kwamba hajui kuandika. Hiyo ni kanuni ya fani, na inalindwa kama vina na mizani.

Matini ya pili tunayotaka kuihakiki ni ya kufundisha. Mwaka 2001 Eric Raymond, akishirikiana na Rick Moen, alitoa mwongozo mrefu wa jinsi ya kuuliza maswali kwa busara. Mwongozo huo umekuwa kama kitabu cha unyago cha jamii hii. Unamtaka muulizaji atafute kwanza mwenyewe, asome kitabu cha maelekezo, ajaribu, kisha ndipo aulize. Akiuliza, aandike kichwa cha habari kinachosema tatizo, aeleze dalili anazoziona wala si tiba anazozikisia, aseme alichokwisha kujaribu. Na akipata jibu, arudi awaambie wenzake lililomsaidia. (Kwa kupita tu: waandishi hao wanajiita kwa jina ambalo Kiswahili kimelitafsiri kuwa wadukuzi, na sisi tumelipokea kwa maana ya wezi peke yake. Wao wanamaanisha mafundi mahiri. Tumeazima jina tukaacha nusu ya maana yake bandarini.)

Kwa maudhui, mwongozo huo ni mzuri kuliko vitabu vingi vya stadi za mawasiliano tunavyovitumia. Lile shauri la kueleza dalili badala ya tiba lina thamani hata kwa mgonjwa anayeingia kwa daktari. Waandishi wa programu wanalo hata jina la kosa lake: mtu ana tatizo moja, analikisia ufumbuzi, anakwama katika ufumbuzi, halafu anauliza juu ya ufumbuzi tu. Ni kama jirani anayekuja mbio kuomba kamba, asiseme kwamba ng'ombe ametumbukia kisimani. Utampa kamba ya kuanikia nguo.

Kwa mtindo, hata hivyo, tunaukosoa. Unamgawa binadamu mafungu mawili, mwenye kufikiri na mvivu, na anayeuliza vibaya anawekwa moja kwa moja katika fungu la pili. Unakiri kwamba upole haudhuru, lakini unasisitiza kwamba kujidhalilisha hakuwezi kuchukua nafasi ya kufanya kazi yako kwanza. Hapo ndipo msomaji wa kwetu anapopotea. Kwake yeye, kusema "mimi ni mgeni, sijui kitu, nisaidieni" si kujidhalilisha. Ni njia ya kumpa heshima anayeulizwa. Mwongozo unaisoma heshima hiyo kama uvivu, wala hauoni kwamba umefanya tafsiri. Kwa wasiozungumza Kiingereza tangu utotoni unatoa msamaha wa makosa ya tahajia na sarufi. Msamaha wa tofauti za adabu haumo, kwa sababu waandishi hawakujua kwamba tofauti hizo zipo.

Sasa tufike kwenye salamu yenyewe. Mwaka 2008 Jeff Atwood na Joel Spolsky walianzisha Stack Overflow, mahali pa maswali na majibu ya waandishi wa programu. Pale, anayeandika salamu mwanzoni mwa swali au shukrani mwishoni anaweza kukuta vimefutwa na mhariri. Hawafanyi hivyo kwa chuki. Hoja yao ni kwamba swali likishajibiwa linakuwa la watu wote, litasomwa na maelfu watakaokuja baada ya miaka, na hao hawakusalimiwa na mtu. Sisi walimu wa lugha tunaweza kuielewa hoja hiyo kwa urahisi tukifikiria kamusi. Kidahizo hakisalimii. Swali pale limekoma kuwa mazungumzo, limekuwa ingizo.

Ugumu ni kwamba lina sura zote mbili kwa wakati mmoja. Anayeuliza yumo katika mazungumzo: amekwama, ni usiku, kazi inatakiwa asubuhi. Anayehariri yumo katika kamusi. Mmoja anasema "habari zenu", mwingine anaona maneno yasiyo na taarifa. Ukitaka kuuelewa uchungu wa wanafunzi wetu, usiutafute katika ukali wa majibu peke yake. Utafute katika kule kufutwa kimyakimya. Hapa Buganda mtu huulizwa ameamkaje au ameshindaje, naye hurudisha swali, wakaulizana habari za nyumbani, na mpaka pale haja bado haijatajwa. Pwani, hodi hupigwa hadi mara tatu, na asiyeitikiwa hurudi zake bila kinyongo. Katika adabu hizo, salamu ndiyo inayomfanya mtu awepo. Ukiifuta, umemwacha haja bila mwenyewe.

Pamoja na hayo, tunakataa kuwa watetezi wa salamu kwa kila hali. Lipo shauri jingine lililoenea miongoni mwa waandishi wa programu wanaofanya kazi pamoja kwa ujumbe mfupi, kwamba usimwandikie mwenzako salamu tupu kisha ukanyamaza ukisubiri aitikie. Walimu wengi wakilisikia wanakasirika. Lakini tulisome vizuri. Kinachopingwa pale ni kusubiri. Aliyepigiwa hodi mlangoni anaweza kuchungulia dirishani akajua kama ni mgeni au mdai. Aliyepigiwa hodi kwenye skrini anaacha kazi yake, anaitikia, halafu anakaa akitazama mwenzake akiandika taratibu. Shauri lenyewe linaruhusu salamu, mradi haja iwe katika ujumbe uleule. Hii ndiyo desturi ya barua. Wazee wetu walioandika barua za kwenda Mombasa au Bukoba hawakutuma ukurasa wa salamu peke yake wakangoja majibu ndipo watume ukurasa wa haja. Waliandika salamu ndefu, tena wakazifikisha na kwa watoto, halafu wakasema "ama baada ya salamu", na haja ikafuata katika bahasha ileile. Kiswahili kina kielelezo kamili cha jambo ambalo waandishi wa programu wanalihubiri kama ugunduzi, nasi hatukifundishi tena kwa sababu tunadhani barua zimekwisha.

Tuchukue mfano wa kubuni ili tuone muundo. Muulizaji wa kwanza anaandika: "Habari zenu wakuu. Poleni na majukumu. Mimi ni mgeni humu. Naombeni msaada, programu yangu haifanyi kazi, nimehangaika nayo siku mbili. Natanguliza shukrani." Muulizaji wa pili anaandika: "Habari zenu wakuu. Natumia Python 3.11 kwenye Windows 10. Programu yangu inasoma faili la majina ya wanafunzi na kuyaonyesha kwenye skrini. Nilitarajia kuona Ng’ang’a lakini naona Ngâ€™angâ€™a. Majina yasiyo na ritifaa yanatoka sawa. Nimeambatisha mistari mitatu ya msimbo na faili lenye jina hilo moja tu. Nimebadilisha fonti, haikusaidia."

Kwa istilahi zetu za uhakiki, tofauti ya matini hizi mbili iko kwa mhusika mkuu. Katika ya kwanza mhusika mkuu ni muulizaji: ni mgeni, amehangaika, anaomba. Tunamhurumia, lakini hakuna anachotupa cha kufanya. Katika ya pili mhusika mkuu ni programu. Tunajua iko wapi, imetenda nini, ilitarajiwa itende nini, na wapi inatenda sawa. Muulizaji amejiweka pembeni kama msimulizi mwaminifu. Angalia pia kwamba amepunguza tatizo hadi jina moja na mistari mitatu. Kupunguza huko ndiko waandishi wa programu wanakokuthamini kuliko kitu kingine chochote, na si ajabu mtu akapata jibu mwenyewe kabla hajamaliza kupunguza.

Jibu la swali hilo, kwa faida ya walimu wa lugha, ni hili. Programu za kuandikia barua hupenda kuipinda ritifaa. Ritifaa iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu katika mfumo wa UTF-8. Python 3.11 kwenye Windows, isipoambiwa lolote, kwa kawaida husoma faili kwa jedwali la zamani la herufi za Ulaya Magharibi, ambamo kila baiti ni herufi moja, kwa hiyo alama moja inageuka tatu. Dawa yake ni kuitajia UTF-8 pale inapofungua faili. Ni tatizo linalozaliwa na tahajia yetu wenyewe, na mwalimu wa Kiswahili anayejua kwa nini ng' imeandikwa vile ana la kuchangia.

Na salamu? Muulizaji wa pili amesalimia. Maneno matatu hayakumpunguzia kitu. Ndiyo maana hatukubaliani na wale wanaowaambia wanafunzi kwamba ili waingie katika ulimwengu wa programu ni lazima wavue adabu zao mlangoni kama viatu.

Hapa tunapaswa kukosoa upande wetu pia, yaani upande wa wanataaluma wa Kiswahili. Mwaka 2004, chini ya mradi wa Kilinux uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, programu huria ya OpenOffice ilipata sura ya Kiswahili na ikapewa jina la Jambo OpenOffice. Ilikuwa kazi kubwa, na tuliifurahia, ingawa wapo walionung'unika kwamba "jambo" ni salamu ya kuuzia watalii vinyago na kwamba mwenye lugha yake husema "hujambo". Tangu hapo zimekuja tafsiri nyingine, na leo mwanafunzi anaweza kuona hifadhi, hariri, bandika na futa kwenye skrini yake. Lakini tazama ni nini kilichotafsiriwa. Ni majina ya vitufe. Tumekuwa na warsha za istilahi, orodha za istilahi na ugomvi wa istilahi, kama vile mtu akijua jina la kila kifaa katika karakana ameshakuwa fundi. Namna ya kuuliza, ya kueleza hitilafu hatua kwa hatua, ya kumkosoa mwenzako kuhusu msimbo wake bila kumvunjia heshima, hayo hatukuyagusa. Matokeo yake, vijana katika makundi ya simu wanasema "nimepushi", "imekrashi", "embu komiti tuone", na tunawacheka. Viambishi vyao viko sawasawa. Walichokosa si istilahi.

Kuhusu ukali, jamii yenyewe imeanza kujihakiki. Aprili 2018 wasimamizi wa Stack Overflow walikiri hadharani kwamba mahali pao hapakaribishi wageni vya kutosha, na Agosti mwaka huohuo wakatoa kanuni mpya za mwenendo. Septemba 2018 Torvalds, ambaye kwa miaka mingi alijulikana kwa barua za kuwatukana waliomletea msimbo mbovu, aliomba radhi, akapumzika kwa wiki chache, na mradi wa Linux ukapokea kanuni za mwenendo. Wapo waliosema kwamba ukali ndio uliolinda ubora. Hatuoni ushahidi wa hilo katika matini. Barua kali tulizozisoma zina hoja ya kiufundi katika aya mbili na matusi katika aya tatu, na ukiziondoa zile tatu hoja inabaki ilivyo. Malumbano ya 1992 yalikuwa makali na yalisomeka kwa sababu kila pigo lilibeba sababu.

Lakini huenda mageuzi hayo yalikuja wakati hadhira inaondoka. ChatGPT ilitolewa tarehe 30 Novemba 2022. Siku chache baadaye Stack Overflow ilipiga marufuku majibu yaliyoandikwa kwa chombo hicho, na tangu wakati ule idadi ya maswali mapya pale imeporomoka. Wanafunzi wetu wanatuambia kwa nini wanaipenda mashine: inapokea salamu, haichoki, haiwaiti wavivu, na unaweza kuiuliza kwa Kiswahili. Hayo yote ni kweli, na ni lawama nzito kwa binadamu walioshindwa kuyafanya. Ila jibu la mashine linabaki katika skrini ya mtu mmoja. Stack Overflow, pamoja na kufuta kwake salamu, ilikuwa na matoleo ya Kireno, Kirusi, Kijapani na Kihispania. Toleo la Kiswahili halikuwepo, na maswali ya Kiswahili yakabaki kutawanyika katika makundi ya WhatsApp na Telegram ambako aliyechelewa kujiunga hawezi kuyatafuta. Mwanafunzi wa Kabale mwenye Ng’ang’a wake hatalikuta jibu alilopewa mwenzake wa Jinja mwaka jana.

Tunakusudia kuyatumia maswali ya aina hii katika kozi ya mazungumzo na uandishi muhula ujao, sambamba na barua za zamani zenye "ama baada ya salamu". Wasomaji wenye mifano ya Kiswahili, mizuri kwa mibovu, watuletee ofisini, majina ya watu yakiwa yamekwisha kuondolewa. Salamu waziache zilivyo.